Isale kwa Damu Yangu

Vidole ndivyo vilivyotangulia kujua.
Kiboriloni, asubuhi, nikimalizia barakoa za kitenge
alizoagiza mwalimu Ndeonasia,
mia na ishirini, rangi yoyote ila isiwe ya msiba,
sindano ilinidondoka mara tatu.
Nikasema ni baridi. Julai ya Moshi ina baridi yake,
na mlima ulikuwa haujaonekana siku ya tisa.

Lakini ugonjwa wangu nimeishi nao miaka kumi na mmoja,
naujua mpaka vishindo vya miguu yake.
Huyu hakuwa yeye. Huyu alikuwa mgeni.

Zamani daktari alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
mwili wako una walinzi, mama Aisa,
wana bidii kupita kiasi,
hawamjui mwenye nyumba.
Wanamkamata koridoni kwake mwenyewe,
wanamvunja viungo, wanamvamia figo,
wanamchora kipepeo mwekundu usoni.
Ndiyo maana tunawapa usingizi:
viwili asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula.

Sikuuliza: na mwizi akija wamelala?
Miaka kumi na mmoja sikuuliza.

Shemeji Kunda akapiga simu: tupa vidonge, mwili upigane.
Mpangaji wa uani akaleta nyungu,
mkaratusi, mchaichai, tangawizi ya kuwasha macho.
Nikajifunika blanketi.
Mvuke ukamkuta kipepeo, ukamwamsha.

Duka la dawa: "Ile yako ya lupasi imekwisha, mama.
Wiki ya tatu sasa. Watu wanainunua kwa makopo,
wanasema inazuia."
Inazuia.
Dawa yangu imelala kwenye mikoba ya wenye afya zao.
Sikumlaani mtu.
Hapana, naongopa, nililaani ngazi zote za pale dukani,
na kwa kuwa pumzi yenyewe ilikuwa ya kuazima
iliniishia kwenye ngazi ya tatu.

Wodini waliandika "changamoto ya upumuaji".
Changamoto! Kama mtihani wa darasa la saba.
Mtungi mweusi wenye mabega meupe
ulininong'oneza usiku kucha.
Jirani yangu, muuza ndizi wa Uru,
Jumatano alinisimulia bei ya mkungu,
Alhamisi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu juu ya barakoa.
"Usiache ghafla," alisema, "walinzi watakuangusha kabla ya mwizi.
Hiki tutapunguza, kile tutaongeza. Tutajaribu."
Namshukuru mpaka leo kwa neno hilo.
Hakujifanya anajua.

Mama alishuka kutoka Kilema, akazuiwa getini.
Akaacha mtori kwenye chupa ya chai
na jani la isale, limefungwa fundo.
Kwetu humwendei uliyemkosea mikono mitupu,
na aliyepewa isale hawezi kukataa.
Nikampigia, maneno mawili mawili, nikivuta hewa:
Mama. Nani. Kanikosea?
"Sijui, mwanangu. Naona wewe na damu yako mmegombana.
Mmoja lazima aanze."

Nesi alilitia chini ya mto wangu, hakuuliza.
Siwezi kusema liliponya. Sitasema.
Nasema tu kwamba usiku ule, badala ya kuomba
walinzi wangu waamke, au walale,
niliwaita kwa majina ya nyumbani, kama watoto wakorofi,
nikawaambia: ni mimi. Mwenye nyumba ni mimi.

Siku ya kumi na tisa nilirudi.
Koo la jogoo wa jirani, vumbi juu ya cherehani,
barakoa ishirini na mbili hazijakamilika.
Kipepeo yupo. Magoti yananiuma nikiinuka.
Mlima umetoka, upande wa Mawenzi tu.

Uzi umeingia kwenye tundu
mara ya nne.