Dirisha la Tatu

Dirisha la tatu, benki ya mji wa Artik, ndilo langu.
Miaka kumi na mmoja nimeketi nyuma ya kioo hiki,
na kioo, nakwambia, kina baridi pande zote mbili.

Haykanush alikuja mwezi wa pili,
theluji ikimdondoka mabegani,
viganja vimejaa makovu ya tanuri,
lile la udongo, lililochimbwa sakafuni,
ambamo huinama hadi kiunoni
kuubandika mkate kwenye ukuta wa moto.

Alitaka mkopo. Si mkubwa.
Mashine ya kukandia unga, kuukuu, ya Gyumri.
Hesabu alikuwa ameziandika nyuma ya kalenda:
magunia, mikate ya kila siku, maduka manne,
hata siku za kuugua mtoto alikuwa amezitoa.
Nimepokea hesabu za wanaume wenye tai
zisizofika nusu ya ukweli ule.

Nikauliza kama nilivyofundishwa.
Dhamana?
"Nyumba."
Ya nani?
"Paa nililiezeka mimi. Bomba lilipopasuka
nililishika mimi, usiku kucha.
Karatasi ina jina la Razmik."
Razmik yuko wapi?
"Urusi. Anawajengea watu maghorofa."
Atakuja lini kutia sahihi?
Akacheka, kicheko kisichofika machoni:
"Ukimpata kwenye simu, dada,
nami unisalimie."

Mkono mtupu haulambwi, ndiyo sheria ya benki.
Lakini mkono ule haukuwa mtupu,
ulikuwa na unga.
Nikapiga muhuri, ule mwekundu.
Sikutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni nilinywa chai katika vikombe vya mama.
Nyumba yake alirithi kaka, aliyeko ng'ambo,
hajui hata ufunguo uko wapi.
Mimi nilirithi vikombe. Sita. Kimoja kina ufa.

Jumapili nikaenda kwenye lile tanuri.
Sikwenda kuomba radhi; nilikwenda na fomu,
na kalamu mbili, moja ikiganda wino.
Walikuwa watano, mvuke ukiwatoka shingoni.
Nikawaambia: sahihi moja haipatikani,
basi tutafute tano.

Tukaanza na upatu, ndani ya kopo la kahawa.
Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri.
Wa pili, baba mkwe wa Knarik alichukua fungu lake
akanunua kondoo.
Wa tatu tuligombana juu ya Varsenik,
ambaye goti lake haliwezi tena kuinama motoni,
akakaa chumba cha pili na watoto saba.
"Alipwe nini? Yeye hakuoka."
Haykanush akaweka chini mti wa kusukumia.
"Basi kesho wanangu nitawatia tanurini,
tuone nani ataoka."
Varsenik akapata fungu sawa na la kila mtu.
Na Knarik akaanza kuliacha lake kwenye kopo,
akimwambia mkwewe biashara ni mbaya.

Mashine ililetwa Agosti, juu ya lori la mawe,
inanguruma kama ng'ombe mwenye uchungu.
Siku ya nne ikakatika mkanda.
Zaruhi aliushona kwa uzi wa viatu.

Nisikudanganye: nyumba bado ni ya Razmik.
Fomu ya majina mawili imo mfukoni mwa aproni,
inamsubiri, inazidi kuchakaa mikunjoni.

Ila jana, dirisha la tatu, foleni ndefu,
nikainua macho. Safari hii hakuomba kitu.
Akasukuma kopo chini ya kioo:
"Fungua akaunti."
Jina la mwenye akaunti?
Nalijua. Nilitaka tu alitamke.
Akalitamka polepole, herufi kwa herufi,
na watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Aliacha alama ya kidole kwenye kioo, nyeupe.
Mfagizi alipopita na kitambaa
nikamwambia hapo aruke.