Wa Kulia

Mimi ndiye niliyezipanga herufi za Glafira Osipovna,
moja moja, kinyumenyume, kwa koleo dogo,
katika kiwanda cha chapa cha Vologda.
Risasi ilininyang'anya mguu;
risasi hiyohiyo, ilipoyeyushwa ikawa alfabeti,
ikanipa mkate.

Mashairi aliyaleta juu ya karatasi za kufungia siagi,
maana mchana alikuwa mpima mizani kiwanda cha maziwa,
na wino uliteleza penye mafuta
hata nikawa nainua kila ukurasa dirishani
nisome kilichokataa kuandikika.
Koti lake lilikuwa la marehemu mumewe.
Watoto walimjua kwa koti hilo: wakimwona darajani
waliziacha sleji zao zishuke zenyewe mtoni.

Kitabu chenyewe kurasa kumi na sita.
Kiatu cha mpira kinamtafuta mwenzake mji mzima,
kinabisha kwa mshona kofia,
kinakaripiwa na ufagio:

*Mimi wa kushoto, jama,
wa kulia kakimbia;
theluji yote nasoma,
alama zaniishia.*

Ubeti wa mwisho niliuficha.
Nikamwambia karatasi haikutosha. Mwaka ule wa arobaini na saba
uongo huo uliaminika upesi kuliko kweli.
Akatazama gongo langu. Akatazama buti langu, moja.
Akafunga vifungo vya marehemu mpaka shingoni.
"Si neno, Prohori Yegorovich. Watoto watajaza."

Wakajaza.
Barua zilikuja kwa magunia, nyingine zina harufu ya samaki,
kutoka kwa watoto ambao hawajapata kuwa na viatu viwili.
Mmoja: wa kulia amekuwa mashua ya panya.
Mwingine: wa kulia yuko vitani bado, mama kasema atarudi.
Huyo alimjibu kwanza.
Wote aliwajibu, miaka thelathini,
stempu akizinunua kabla ya nyama.

Tulimzika Februari, ardhi ikagoma, wakaipasua kwa moto.
Wakaja watu wazima, fundi bomba, daktari wa meno,
mwanamke mmoja mnene aliyelia kwa sauti ya treni,
kila mtu na kiatu kimoja cha mpira, cha kushoto,
wakavipanga thelujini mstari kwa mstari.
Nikavisoma kinyumenyume. Mazoea.

Ule ubeti ulikuwa mfukoni mwangu, umefungwa uzi,
risasi tupu, mzito kama yai:

*Nikauona mguu,
uko pweke, wangojea;
sikuuliza la juu,
tukaanza kutembea.*

Nilidhani ananihurumia.
Kumbe alinipima tu, kama siagi,
bila kuzidisha, bila kupunguza.

Watu walipokwenda kunywa chai
nikainama, nikachagua kimoja. Namba arobaini na tatu.
Mungu anisamehe.
Hakikunibana.