Kumi na Saba

Mama, kule Bahi, hakunielewa:
"Umesoma mpaka Dodoma mjini
ukalipwe kulisha panya?"
Kwetu panya ni mwizi wa uwele.
Tulimtegea jiwe, kijiti,
na punje moja ya karanga.

Sasa nawapimia chakula kwa mizani,
nawabadilishia randa za mbao Jumatatu na Alhamisi,
naandika joto la chumba,
huku upepo wa Agosti
ukisukuma vumbi jekundu chini ya mlango.

Daktari Chilongani alikataza majina.
Nikatii. Nilimwita Kumi na Saba,
ila kwa sauti ile anayoitwa mtu.

Tisa walichomwa chanjo.
Tisa, maji ya chumvi.
Kisha wote wakapewa vimelea:
malaria ya panya, siyo yetu,
binamu yake tu,
naye hupitia ini kabla ya damu.

Siku ya sita natoboa ncha ya mkia.
Tone, kioo, rangi ya zambarau.
Kwenye darubini, pete ndogondogo
kama hereni za mtoto zilizodondoka
katika zabibu zilizokamuliwa Hombolo.

Kumi na Saba alikuwa wa maji ya chumvi.
Manyoya yalimsimama. Akajikunja pembeni
kama Sechelela wa dada yangu, msimu wa mpunga,
alivyojikunja juani, meno yakigongana,
na pikipiki ya zahanati haina mafuta.
Mtoto alipona. Siandiki haya kwa kuwa alikufa.
Naandika kwa kuwa kutetemeka kule
nilikuwa nakujua.

"Huyu naye," nikauliza, "hawezi kuchanjwa leo?"
Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Asipougua yeye, tutajuaje wale wamekingwa na nini?"
Nililala na swali lile. Lina mifupa.

Katika vizimba vya pili, sita walikuwa wanakula.
Watatu, hapana.
Daktari akaandika: *kinga, kwa sehemu*.
Kwa penseli.

Asubuhi ya kumi na moja nikakikuta kizimba kimya.
Nikajaza fomu: saa, uzito, nambari.
Hapakuwa na nafasi ya neno jingine.

Jumamosi nikapanda basi la Bahi.
Usiku, ndani ya kihenge, mtego ukalia.
Mama akacheka gizani: "Mmoja!"
Nami, kwa mazoea,
nikapapasa mfukoni, natafuta kalamu.