Ganda la Karanga

Rijswijk, alfajiri, mvua ya rasharasha.
Wietske anapima kifundo cha kidole cha kati:
milimita tisa. Juzi kumi na moja.

Tumbili wa arobaini na moja
hajui kama alidungwa kingamwili au maji ya chumvi.
Wietske naye hajui; ndiyo kanuni.
Anachojua ni karanga:
wiki iliyopita ilimponyoka mara tatu,
akaisusa.

Leo ameimenya.
Ganda likaanguka sakafuni, ta!

Jioni, kwa mama yake,
anafungua chupa ya matango ya siki
bila kuombwa.
Mama anaitazama mikono yake, imepinda kama tangawizi.
"Kazini kuna jipya?"
"Mmoja amekula karanga."

Ya Ijumaa, ya meza ya chuma,
anayameza.