Kiingilio

Mwahako, siku ya tatu ya maonesho.
Nimefunga baiskeli kwenye nguzo,
nimelipa elfu tatu getini,
na swali la Mwanakombo bado liko sikioni.
Aliniuliza asubuhi, akichuja tui, bila kuinua macho:
"Elfu tatu ya kwenda kutazama mbao?
Mbao si hizi hapa uani, zimejaa hadi njia ya chooni?"

Sikumjibu. Swali hilo nami nilikuwa nalo.

Mimi si fundi, niliseme hilo mapema.
Mchana naandika makontena bandarini;
jioni, Makorora, chini ya bati,
nina mashine ya kukerezea niliyoiunga mwenyewe:
mota ya mashine ya kufulia, mkanda wa cherehani,
miguu ya kitanda cha chuma kilichokataa kufa.
Nakereza bakuli. Siuzi. Nani anunue bakuli
lenye tumbo upande mmoja?
Wengine wana bao, wengine wana mpira,
mimi nina vumbi puani na amani ya saa mbili.

Ndani, spika mbili zinagombana,
moja inauza magodoro, nyingine dawa ya mende.
Banda la mashine liko mwisho kabisa.
Muuzaji, tai shingoni, jasho shingoni,
anakereza bakuli kwa dakika nne.
Dakika nne! Watu wakapiga makofi.
Mimi nikainama, nikaokota maranda yake:
mti mbichi, laini kama muhogo,
hauna fundo, haujawahi kubishana na mtu.
Kwangu ni mkorosho uliokatwa kwa ugomvi wa mpaka,
ni mwarobaini wenye msumari ndani.
"Bei?" Akaitaja.
Nikacheka kwa adabu,
kama mtu aliyekanyagwa kidole msikitini.

Patasi zililala juu ya kitambaa chekundu.
Nilizishika zote. Nilizirudisha zote.
Adhuhuri nikapiga hesabu:
elfu tatu, soda, na kichwa kinauma.
Mwanakombo kashinda.

Nyuma ya mabanda ndipo nilipomkuta Kihiyo,
kijana wa Korogwe, hakupata banda,
katandika miguu ya vitanda juu ya gunia,
anakula kachori, pilipili imemtoa kamasi.
Bakuli langu lilikuwa kwenye mfuko wa rambo.
Sijui kwa nini nililibeba.
(Najua.)
"Lete."
Akafuta vidole kwenye suruali,
akalizungusha bila kulitazama,
macho kwa wapita njia wasionunua,
kidole gumba kikitembea ndani
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Kikasimama.
"Hapa," akasema, "hapa ulichoka."

Nilikuwa nimepapiga msasa mara tatu,
jicho lilishaapa kwamba hapana kitu.
Nikapapasa: kijibonde, chembamba, kimejificha.
Na kweli. Siku ile meli mbili ziliingia pamoja,
nilianza kukereza usiku, nikataka liishe tu.

Hakunifundisha zaidi ya hapo.
Alikuja mteja, anataka miguu minne
kwa bei ya mitatu, wakaanza.

"Umepata nini?"
Nikamwonesha Mwanakombo kipande cha nta, elfu mbili.
Akakinusa. "Hiki kingekuja na basi la Handeni."
Kingekuja.

Basi wenzangu wa jioni,
wewe Bilali wa Duga, na mwalimu wa Pongwe,
mnaoniuliza kama mwakani mwende:
kwa ajili ya mashine, bakini nyumbani.
Patasi, mhunzi wa Ngamiani atawafulia
kwa springi ya gari bovu, na atawakopesha.
Lakini mkienda, bebeni bakuli.
Si lile zuri.

Jana nimefunga gogo jipya la mkorosho.
Saa nne kasoro, nimefika nusu ya tumbo,
mkono ukaanza kuharakisha peke yake.
Nikaujua.
Nikazima mota,
nikaliacha limefungwa vile vile, nusu,
nikaenda kulala.