Chini ya Sifuri

Machipuko huku kwetu hayapigi hodi.
Usiku theluji, asubuhi paa linavuja mpaka saa sita,
mto Gauja unasukuma mapande ya barafu kama fundi aliyechoka,
na watoto kumi na mmoja wa darasa la pili
wanaingia na matope hadi magotini,
kila mmoja na gilasi yake, udongo wake,
haragwe lake moja.

Nikawagawia karatasi za miraba.
Sharti: pima kutoka usawa wa udongo kwenda juu,
kwa rula, kwa sentimita, bila kubahatisha.
Andika namba. Chini yake andika sentensi
inayoanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta.

Jumatatu Madara akaandika: Mbili na nusu.
Haragwe langu limeinama kama mtu anayetafuta kifungo sakafuni.
Ralfs akaandika: Tatu. Langu limemshinda Madara.
Kwa kiasi gani? nikamuuliza.
Akahesabu vidole, akakosa nusu ya kidole.

Austris akaandika sifuri.
Na sentensi: Hakuna.
Herufi kubwa ipo. Nukta ipo.
Nikaweka tiki, ningefanya nini?

Austris husoma kwa kubomoa maneno,
silabi moja moja, kama mtu anayetoa miba kwenye samaki.
“Pa-nda,” anaisomea pakiti ya mbegu, “kwa ki-na cha se-nti…”
na hapo neno linamporomokea.

Jumanne sifuri. Jumatano sifuri.
Grafu za wenzake zinapanda ngazi,
yake imelala chini kama waya uliokatika.

Alhamisi tukaenda shambani kwa mama yake, Vizma,
penye mibetula yenye gome jeupe.
Ametoboa shina, ametia mrija, ametega ndoo,
na utomvu unadondoka, mwepesi kama maji
yaliyowahi kusikia habari za sukari.
Tukahesabu: matone arobaini kwa dakika.
Kwa saa moja je?
Penseli hazijagusa karatasi, Austris akasema:
“Elfu mbili na mia nne.”
Wote wakageuka.
“Jana nilikuwa peke yangu na ndoo,” akasema.

Nikawaambia, kama ninavyowaambia kila mwaka,
kwamba maji haya yanatoka chini,
kwamba mizizi huamka kabla ya matumba.
Niliyasema huku nikiangalia saa.

Ijumaa baridi ilirudi.
Kipimajoto cha dirishani: alama ya kutoa, kisha nne.
Austris hakuiweka gilasi mezani.
Aliiinua juu ya kichwa, akaitazama kwa chini,
kama fundi anayekagua tumbo la gari.
Akaomba rula. Akapima kwa muda mrefu.
Akaandika nne,
na mbele yake kistari kifupi.

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa wazi tayari.
Namba hasi ni somo la darasa la sita.
“Nani kakufundisha hii?”
Akanyoosha kidole dirishani.

Nikainua gilasi. Kweli:
mzizi mweupe, mwembamba kuliko uzi wa kushonea,
umeshuka, umegonga kioo cha chini, umekata kona,
unaendelea na safari zake.

Sentensi yake ilichukua mistari miwili:
Haragwe langu linakua sana lakini mwalimu
alisema tupime juu tu

Hakuna nukta.
Nikafunga kalamu.

Karatasi zetu ziliishia kwenye sifuri,
kwa hiyo Madara akaleta gundi,
tukaunganisha nyingine kwa chini,
na watoto kumi wakainua gilasi zao kwa pamoja
kutafuta walichokuwa hawajaulizwa.
Ralfs aliinamisha yake mno.
Udongo ukamwingia puani, haragwe likaanguka,
sentimita tano juu, saba chini,
nikamwona, kwa makamasi na yote,
amepiga magoti sakafuni
anajumlisha.