Viti vya Kukodi

Mimi ni mwenye viti, pale Kadutu,
plastiki, buluu, vya harusi na matanga.
Wiki hii vimekwenda kwenye kesi ya Mugisho,
faranga mia tano kila makalio,
na watu wanalipa bila kuomba nipunguze.

Wanafika alfajiri, na karanga, na watoto mgongoni.
Mtu akikohoa ukumbini, habari inafika Nyawera
kabla hajameza mate.
Kaua. Hakuua. Wanawekeana dau la bia.

Siku ya tatu mpelelezi akasoma ungamo:
mshitakiwa, kwa hiari yake,
ametia alama ya gumba la kulia.
Wakili hakubisha. Alimwambia tu Mugisho
ainue mkono.

Gumba halikuwepo.
Lilibaki shimoni Kamituga, chini ya jiwe,
miaka sita kabla mvunja-pesa yule hajachinjwa.

Ukumbi ukalipuka! Walipanda juu ya viti vyangu,
wakashangilia kama mpira umeingia wavuni.
Viti vinne vimevunjika miguu, nimevihesabu.
Mpelelezi akaikunja karatasi, akaikunja tena,
kama mtu anayefunga chumvi ya jirani.

Jioni, nikipanga viti kimoja juu ya kingine,
nikamwona Mama Nsimire, mzazi wa marehemu,
mgongo ukutani. Siku zote tatu alisimama.
Hakuna aliyempisha. Hata mimi,
mwenye viti.

Nikamvutia kimoja. Hakukaa.
Akaniuliza, polepole, kama anayeuliza bei:
"Sasa lile gumba kwenye karatasi,
ni la nani?"